Kigoma na Bujumbura: namna ya kuendesha ubadilishanaji wa lugha mtandaoni kati ya madarasa mawili

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari mwenye darasa la Kifaransa, kompyuta mpakato moja, simu janja mbili (yake na ya mwalimu mwenzake), na wanafunzi wasioruhusiwa kuja na simu shuleni. Mfano tutakaoufuata ni darasa la kidato cha tatu mjini Kigoma lenye wanafunzi 45, na darasa la Bujumbura lenye wanafunzi 30. Kama idadi yako ni nyingine, badilisha hesabu ila usibadilishe mpangilio.

Kwa nini Bujumbura na si Paris? Walimu wengi wakisikia Kifaransa wanaanza kutafuta shule Ulaya. Tatizo ni kwamba huko ni nadra kumpata mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kiswahili. Wanafunzi wako watakuwa na cha kupokea tu, na cha kutoa hawana, na baada ya wiki tatu upande wa pili unachoka. Burundi mambo ni tofauti. Mtoto anasoma Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili tangu shule ya msingi, na madarasa ya juu anafundishwa kwa Kifaransa. Anacho unachokitaka, nawe unacho anachokitaka. Wapo hata wanaotoka mitaa kama Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani, na wapo waliokisikia kwenye kipindi tu. Tofauti hiyo izingatie unapogawa makundi.

Hatua ya 1: Kalenda kabla ya kitu kingine chochote

Mwaka wa shule Tanzania unaanza Januari. Burundi unaanza Septemba. Mkikubaliana kuanza "muhula ujao" bila kutaja tarehe, kila mmoja atakuwa na muhula wake kichwani. Dirisha zuri kwa pande zote mbili ni wiki nane kuanzia mwishoni mwa Januari hadi 20 Machi, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Ufaransafoni (jumuiya ya wanaozungumza Kifaransa) na inafaa sana kuwa siku ya maonyesho ya mwisho. Ikiangukia wikendi, tumieni Ijumaa iliyotangulia.

Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, inavutia kwenye karatasi lakini haifai kwa mpango huu: Burundi huwa wamekwisha kufunga mwaka, na kwenu likizo ya Juni ndiyo kwanza imeisha.

Epuka madarasa ya mitihani. Kidato cha pili wana upimaji wao wa kitaifa mwishoni mwa mwaka na cha nne wana mtihani wa kumaliza, na mkuu wa shule hatakubali vipindi vyao viguswe. Kidato cha kwanza Januari bado wanatafuta mabweni. Kinabaki cha tatu. Upande wa Burundi mwaka wa tisa wa shule ya msingi una mtihani wa taifa, kwa hiyo omba mwaka wa nane au mwaka wa kwanza baada ya wa tisa. Tofauti ya umri isizidi miaka miwili. Ikizidi hapo, mada zinagongana: huyu anataka kuzungumzia muziki, yule bado ana mambo ya kitoto.

Sasa saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, mwaka mzima, na hakuna nchi kati ya hizi mbili inayosogeza saa kama Ulaya. Rahisi, lakini hapo ndipo kikao cha kwanza huharibikia. Kirundi kinahesabu saa kama Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza. Kifaransa hakihesabu hivyo. Ukimwandikia mwenzako "saa tatu", hujui ameisoma kwa lugha ipi wala kwa saa ya nchi ipi. Kwenye kila ujumbe andika namna hii, bila kufupisha:

Jumanne, saa 4:00 asubuhi Kigoma (10:00) = saa 3:00 asubuhi Bujumbura (9:00, à 9 heures).

Chagueni asubuhi kwa sababu nyingine pia. Februari na Machi ni miezi ya mvua pande zote mbili za ziwa, na mvua za ngurumo hupenda mchana na jioni. Mvua ikipiga juu ya bati, kinasa sauti hakisikii kitu kingine. Kikao kinaisha hapo hata kama mtandao ni mzuri.

Hatua ya 2: Kumpata mwalimu mwenza na kuandikiana makubaliano

Milango ya kuanzia ni Alliance Française ya Dar es Salaam au ya Arusha, Institut Français ya Bujumbura, vyama vya walimu wa Kifaransa, na iEARN, mtandao wa shule wa kimataifa ulioanza mwaka 1988. Usianze na shule, anza na mtu. Mwalimu mmoja anayejibu ujumbe ndani ya siku mbili ana thamani kuliko barua tano za wakuu wa shule zenye mihuri. Mihuri itafuata: mkuu wa shule aridhie kwa maandishi, naye amjulishe afisa elimu sekondari wa halmashauri, kwa kuwa ni ushirikiano na shule ya nje ya nchi.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na uwe na namba:

"Mwalimu mwenzangu, habari za kazi? Mimi nafundisha Kifaransa kidato cha tatu Kigoma. Nina wanafunzi 45 wa miaka 15 hadi 17. Natafuta darasa la kubadilishana nalo Kifaransa na Kiswahili kwa wiki nane, kuanzia mwisho wa Januari. Kila wiki kila kundi litatuma sauti mbili za sekunde 90. Tutakuwa na vikao vitatu vya moja kwa moja vya dakika 40. Wewe una wanafunzi wangapi, na siku zipi wana Kiswahili?"

Akijibu kwa namba, endelea. Akijibu "wazo zuri sana, tutawasiliana", mtafute mwingine taratibu huku ukimsubiri.

Makubaliano yaandikeni kwenye ukurasa mmoja kwa lugha zote mbili: tarehe ya kila kikao, nani anapiga, siku ya kutuma na siku ya kujibu, mada za wiki nane, nani anahifadhi sauti na lini zitafutwa, na jina la mwalimu wa pili wa kila shule. Huyo wa pili si pambo. Walimu huhamishwa, huugua, huenda kusahihisha mitihani. Bila yeye mradi unakufa siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Ridhaa ya wazazi na mipaka

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sauti na picha ya mtoto ni taarifa binafsi. Barua ya mzazi iwe ya Kiswahili cha kawaida, nusu ukurasa, na iseme mambo haya bila kuzunguka: mtoto atarekodiwa sauti, itasikilizwa na darasa la Bujumbura pekee, picha hazitawekwa kwenye mtandao wowote wa kijamii, sauti zitafutwa tarehe fulani, na mzazi anaweza kukataa au kumtoa mtoto wakati wowote bila alama zake kuguswa. Weka masanduku mawili ya kutia alama, moja la sauti na moja la kuonekana kwenye kamera. Wapo wazazi wanaokubali la kwanza na kukataa la pili, na mtoto wa hao anaweza kushiriki wiki zote nane bila sura yake kuonekana.

Kwa wanafunzi, mipaka ibandikeni ukutani. Jina la kwanza tu. Hakuna namba za simu, hakuna akaunti, hakuna jina la mtaa wala bweni. Hakuna kuombana zawadi wala pesa. Mawasiliano yote yanapita kwa walimu wawili.

Kuna jambo moja wanafunzi wa Tanzania hawalifikirii kabisa. Kwetu kumuuliza mtu "we kabila gani?" ni mlango wa utani. Muha akikutana na Mnyamwezi kwa swali hilo, kicheko kinafuata. Mrundi akiulizwa, swali linagusa vita na vifo ambavyo familia nyingi bado zinavikumbuka. Liondoe kwenye orodha ya maswali kabla ya sauti ya kwanza kurekodiwa, na waeleze sababu. Ukiwakataza bila sababu, mmoja atauliza tu.

Hatua ya 4: Vifaa na bando

Mnahitaji kompyuta mpakato yenye kamera, spika ndogo ya kubebeka, simu mbili, na laini za mitandao miwili tofauti. Laini ya pili haina kazi siku tisa, na siku ya kumi ndiyo inayookoa kikao. Chaji kila kitu usiku wa kuamkia kikao.

Hesabu ya data iko hivi. Simu ya video ya kundi inaweza kula hadi GB 1 kwa saa, na ya sauti peke yake huwa chini ya MB 100. Vikao vitatu vya dakika 40 ni saa mbili, yaani GB 2. Ongeza GB 1 ya majaribio. Sauti zilizorekodiwa ni nyepesi mno: ukirekodi kwa ubora wa chini, MB 1 inatosha kwa dakika tatu hivi. Makundi 15, dakika tatu kila moja, wiki nane, ni dakika 360, yaani MB 120 za kutuma na MB 120 za kupokea. Picha za daftari ni kidogo juu ya hapo. Panga GB 5 kwa mradi mzima, lakini usizinunue kwa mkupuo, kwa sababu vifurushi huisha muda hata kama hujavitumia. Nunua siku moja kabla ya kila kikao.

Ukitazama namba hizo utaona kwa nini uti wa mgongo wa mpango huu ni sauti za kurekodi na si video. Bei ni sababu ndogo. Kwenye video, watoto 70 wanawatazama watano wakizungumza. Kwenye sauti, kila kundi linazungumza kila wiki, na mwenye aibu anaweza kurudia mara nne kabla ya kutuma.

Hatua ya 5: Makundi

Wanafunzi 45 wa Kigoma wagawe watatu watatu, na 30 wa Bujumbura wawili wawili. Unapata makundi 15 ya watu watano kila moja. Mmoja kwa mmoja ni hatari: mwenzako akiugua, huna mtu. Kila kundi la Kigoma liwe na mmoja anayejiweza Kifaransa, mmoja wa kati na mmoja anayehangaika. Mwombe mwalimu wa Bujumbura achanganye pia, asiwafungie wa Buyenzi kwenye kundi moja.

Kila kundi lina namba, na kila faili lina jina la namna moja: namba ya kundi, wiki, lugha. K07-W3-FR ni kundi la saba, wiki ya tatu, Kifaransa. Kwenye WhatsApp tuma sauti kama waraka, usiitume kama ujumbe wa sauti wa kawaida, kwa sababu waraka huhifadhi jina la faili. Ukipokea sauti 15 zisizo na majina Jumanne jioni, utatumia saa nzima kukisia nani ni nani.

Hatua ya 6: Mzunguko wa wiki

Jumatatu kila upande unarekodi kwa lugha unayojifunza: Kigoma Kifaransa, Bujumbura Kiswahili. Sekunde 90, wanakundi wote wakisikika. Sauti iambatane na maandishi yake, nusu ukurasa wa daftari, uliopigwa picha. Makundi 15 kwa simu moja yanamaliza ndani ya kipindi cha dakika 40 iwapo kila kundi limeshafanya mazoezi. Rekodi nje ya darasa: chini ya mti au ukumbi wa nyuma, mbali na feni. Simu iwekwe juu ya vitabu, karibu sentimita 20 kutoka mdomoni. Mwanafunzi akiishika mkononi, kila kidole kinachosogea kinasikika kama mtu anayekwaruza mlango.

Jumanne jioni walimu wanatumiana.

Alhamisi ndiyo siku nzito, na inahitaji vipindi viwili. Cha kwanza ni cha kusikiliza na kusahihisha. Weka vituo vitatu, kompyuta na simu mbili, kila kituo kihudumie makundi matano, dakika nane kila kundi. Wanaosubiri wananakili maandishi ya wenzao kutoka kwenye picha. Kipindi cha pili ni cha kurekodi jibu la sekunde 90 kwa lugha yao ya nguvu: Kigoma sasa wanajibu kwa Kiswahili fasaha, taratibu, wakitaja masahihisho. Ijumaa sauti zinatumwa. Vipindi vitatu kwa wiki ni vingi kwa somo moja, hivyo kazi ya Alhamisi ipeleke kwenye muda wa klabu.

Mada zianze karibu na mwili na ziende mbali: jina na umri, asubuhi yangu, chakula, bei za sokoni, michezo, ziwa, methali, kisha maonyesho. Mada ya chakula itajiendesha yenyewe, kwa kuwa miji yote miwili inakula kutoka Ziwa Tanganyika. Samaki ambaye Kigoma wanamwita mgebuka, Bujumbura wanamwita mukeke. Dagaa kwao ni ndagala. Waache wabishane nani anajua kumchoma. Hapo ndipo Kifaransa kinapoacha kuwa somo.

Mada ya bei ina mtego. Vitabu vingi vinavyotumika Tanzania vinafundisha Kifaransa cha Ufaransa, ambacho sabini ni "soixante-dix" na tisini ni "quatre-vingt-dix". Burundi ilitawaliwa na Wabelgiji na imebaki na "septante" na "nonante". Mwanafunzi wako akisikia "septante-cinq" atadhani amekosa kusoma ukurasa fulani. Mwambie kabla: 75 ina majina mawili, yote sahihi, na la Bujumbura ni jepesi zaidi. Kwenye mtihani aandike la kitabuni.

Wiki ya ziwa itumie kwa wakati uliopita. Meli ya MV Liemba inatosha: Wajerumani waliizindua Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Hayo ni matendo manne ya "passé composé" kwenye hadithi ambayo mtoto wa Kigoma anaijua tangu udogo.

Hatua ya 7: Kusahihishana

Mradi unasimama au unaanguka hapa. Wanafunzi wakiachwa huru wanafanya moja kati ya mawili: wanasifia kila kitu ("très bien, mzuri sana"), au wanapaka wino mwekundu kila neno mpaka mwenzao anaacha kuandika. Weka kanuni ya masahihisho matatu, basi. Chagua kosa linalozuia maana, kosa linalojirudia, na neno moja linalotumika kila siku. Mengine yapite. Kila sahihisho liwe sentensi nzima iliyoandikwa upya, si neno lililokatwa.

Huu ni mfano wa maandishi yanayoweza kutoka Bujumbura:

"Mimi niko na miaka kumi na tano. Nyumba yetu iko karibu ya mto. Asubui nakula mukate na chai, alafu naenda ku masomo."

Masahihisho matatu: miaka kumi na mitano, karibu na mto, naenda shuleni. "Asubui", "mukate" na "alafu" yaache. Maana imefika, na kusoma kutayanyoosha yenyewe. Vipi "niko na"? Hilo si kosa la kuchekwa. Ndivyo wanavyosema watu wengi Bujumbura, Bukavu na hata Nairobi. Wafundishe wanafunzi kauli hii: "Mtihani unataka nina, kwetu pia tunasema nina." Maneno "kwetu tunasema" yanafanya kazi ambayo "umekosea" haiiwezi. Pia watasikia "mwarimu" na "kurara", kwa kuwa Kirundi hakitofautishi r na l kama Kiswahili. Kwenye sauti usisahihishe hilo kabla ya wiki ya nne.

Na haya yanaweza kutoka Kigoma:

"Je suis seize ans. Je habite à Kigoma. Le matin je mange le chapati avec le thé et je vais à l'école par pieds."

Masahihisho: "J'ai seize ans", "J'habite", "à pied". Lakini usiliache kosa la kwanza lipite bila kulichungulia. Kifaransa kinasema mtu ana miaka. Kiswahili kinasema hivyohivyo: nina miaka kumi na sita. Kirundi nacho ni vivyo hivyo, "mfise imyaka". Kiingereza ndicho kinachosema mtu ni miaka fulani. Maana yake mwanafunzi wako hakutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, amepitia Kiingereza kwanza, akapotea njiani. Andika sentensi hizo nne ubaoni, moja chini ya nyingine, na darasa litaliona lenyewe. Halafu waulize ni wapi pengine Kiswahili kingewafikisha moja kwa moja. "Nina njaa" na "j'ai faim" watalipata bila msaada. "Nina kiu" pia.

Kila mwanafunzi awe na daftari lenye safu tatu: nilivyosema, nilivyorekebishwa, nitakavyosema wiki ijayo. Safu ya tatu ndiyo ya kupimia. Kosa la wiki ya pili likionekana tena wiki ya tano bila kuguswa, masahihisho yanasomwa tu, hayatumiki, na mwanafunzi huyo aanze sauti yake inayofuata kwa sentensi hiyohiyo iliyorekebishwa.

Hatua ya 8: Vikao vitatu vya moja kwa moja

Viwe wiki ya kwanza, ya nne na ya nane. Kila kikao makundi matano yanakaa mbele ya kamera, hivyo kwa vikao vitatu yote 15 yamepita. Dakika tano za mwanzo ni za kupima sauti. Dakika 15 ni Kifaransa, dakika tatu kila kundi. Kengele inagongwa, kengele ya kweli ya mkononi ya kusikika pande zote mbili. Dakika 15 ni Kiswahili. Tano za mwisho ni salamu na kupanga wiki inayofuata.

Kengele inaonekana kama mchezo wa chekechea, lakini ndiyo mizani ya kikao. Bila kengele, lugha ambayo wote wanaiweza kidogo inameza nyingine. Kwa Kigoma na Bujumbura, nusu ya Kifaransa hunyamaza, kisha mmoja anaongea Kiingereza, na dakika kumi zimeenda. Wape wanafunzi wako kadi yenye sentensi za kujiokoa: "Tu peux répéter ?", "Plus lentement, s'il te plaît", "Qu'est-ce que ça veut dire ?", "Comment dit-on mgebuka ?" Upande wa pili wawe na "rudia tafadhali", "polepole kidogo", "maana yake nini?" Kila kundi liingie na sekunde 30 zilizokaririwa za kufungulia. Ukimya mwingi hutokea kwa sababu hakuna wa kuanza.

Salamu zifundishe mapema. Mtoto wa Kigoma atamwamkia mwalimu wa Bujumbura "shikamoo" na huenda asijibiwe, kwani si wote wanaoizoea. Asione amedharauliwa. Naye akimsemesha mwalimu huyo Kifaransa atumie "vous". "Tu" ni ya rika lake.

Yanayoharibika na sababu zake

Mwangwi unaozunguka: vifaa viwili vimeingia kwenye kikao kimoja, chumba kimoja, vyote vikiwa na sauti wazi. Acha kimoja tu kiwe na sauti, na spika isielekee kwenye kinasa sauti.

Picha inaganda: zima kamera pande zote mbili na muendelee kwa sauti. Usitumie dakika kumi kutafuta mtandao mbele ya watoto 45.

Kifaransa kizuri kupita kiasi: mwanafunzi aliyeandika "par pieds" wiki ya pili, wiki ya tatu analeta "subjonctif" (umbo gumu la kitenzi) isiyo na doa. Amepata simu nyumbani na programu ya kutafsiri. Usimwaibishe. Geuza utaratibu: warekodi kwanza kwa vidokezo vitano vya maneno tu, maandishi yafuate kutoka kwenye sauti. Programu ya kutafsiri iruhusiwe kwa neno moja moja, si sentensi.

Kundi limenyamaza wiki mbili: usisubiri ya tatu. Waunganishe watatu wa Kigoma na kundi jirani, wawe wanane, mpaka wenzao wa Bujumbura warudi. Wiki ya tatu na ya nne ndipo hamu inapopungua, na mada ya bei iliwekwa hapo makusudi kwa sababu ina ubishi.

Mwalimu mwenza hajibu: mpigie wa pili. Akiwa naye kimya, endelea na mada zilizopangwa na utume sauti kama kawaida hadi Ijumaa mbili zipite, kisha funga mradi kwa ujumbe wa heshima. Wanafunzi waambie ukweli, si "mtandao umekatika".

Baada ya wiki ya nane

Maonyesho ya 20 Machi yasizidi saa moja: sauti tano bora, ubao wa samaki wenye majina mawili mawili, na methali za lugha tatu zilizoandikwa kwa mkono. Waalike wazazi waliotia saini.

Kisha walimu wakae na orodha ya faili. Sauti ambazo mwanafunzi anataka kubaki nazo apewe yeye na mzazi wake. Nyingine zifutwe kwenye simu zote, kwenye kompyuta, kwenye kumbukumbu za mazungumzo ya WhatsApp na kwenye nakala ya akiba ya simu, ambayo ndiyo husahaulika. Kila mwalimu amwandikie mwenzake ujumbe mmoja wenye tarehe: "Nimefuta K01 hadi K15, wiki 1 hadi 8." Ujumbe huo uchapishwe na uwekwe kwenye faili moja na barua za ridhaa.